Skrubu za paa la Land Rover: pima ya zamani kabla hujaitupa

Mwaka jana nilivua paa la Land Rover yangu. Ni Series IIA, ile ndefu ya 109 yenye paa gumu, iliyotumika miaka mingi kwenye shamba la mkonge huku Tanga kabla haijafika mikononi mwangu. Kunyoosha bodi na kupiga rangi kulichukua wiki tatu. Kutafuta skrubu na klipu za kurudishia paa, dari la ndani na mipira kulichukua miezi minne. Naandika haya kwa sababu najua kuna wenzangu wengi wana magari ya aina hii uani, na sipendi mtu apoteze miezi minne kama mimi.

Kosa nililifanya siku ya kwanza. Nilifungua kila kitu na kutia skrubu zote kwenye kopo moja la rangi. Nusu zilikuwa zimeliwa na kutu, nikajiambia nitanunua mpya. Kijana aliyekuwa ananisaidia aliponiuliza azipeleke wapi, nikamwambia azitupe. Bahati nzuri fundi wangu wa viti, mzee mmoja wa Ngamiani aliyekuja kupima dari, alilikuta kopo liko karibu na takataka, akalirudisha ndani. "Mwanangu," akaniambia, "ukizitupa hizi, dukani utaonyesha nini?"

Sikumwelewa mpaka nilipoharibu. Nilikwenda duka la vifaa, nikanunua skrubu za milimita 5, kwa sababu kwa macho zilifanana kabisa na zilizotoka kwenye ukingo wa dari. Ya kwanza ikazunguka raundi moja, ya pili ikawa nzito. Nikadhani ni rangi mpya imeingia kwenye nyuzi, ile mistari inayozunguka skrubu, nikakaza kwa nguvu. Nikasikia "tak" ndogo, kisha skrubu ikawa inazunguka bure. Nati iliyofungwa nyuma ya bati ilikuwa imeng'oka, na mahali pale mkono haufiki. Ilibidi nikate tundu kwenye bati nililokuwa nimeshalipaka rangi.

Sasa nieleze kwa nini, maana hapa ndipo wengi tunakwama. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa 4 mwaka 1948. Mwezi wa 11 mwaka huohuo Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kutumia nyuzi za aina moja za inchi, ambazo leo tunazijua kwa herufi UNF (nyembamba) na UNC (nene). Kiwanda hakikuhamia siku moja. Kwenye gari la miaka ya 1960 utakuta UNF ndiyo nyingi, lakini bado kuna BSF, nyuzi nyembamba za Kiingereza za zamani, na kwenye vitu vidogo kuna BA, nyuzi nyingine za Kiingereza za skrubu ndogo. Maduka yetu leo yanauza karibu za milimita peke yake. Kwa hiyo gari linaongea lugha tatu na duka linaongea ya nne.

Wabaya zaidi ni ndugu watatu wanaofanana. Wa kwanza ni 2BA: unene wake milimita 4.7, na kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni milimita 0.81. Wa pili ni 10-32 UNF: unene 4.83, uzi hadi uzi 0.794. Wa tatu ni skrubu ya milimita 5 ya kawaida: unene 5.0, uzi hadi uzi 0.8. Ukiziweka kiganjani huwezi kuzitofautisha. Ukitia ile ya milimita 5 kwenye nati ya 10-32 inabana na kung'oa, kama ilivyonitokea. Ukifanya kinyume, yaani 2BA kwenye nati ya milimita 5, inaingia laini kama siagi na wewe unafurahi, halafu barabara ya vumbi ya wiki moja inaitikisa mpaka inadondoka. Hii ya pili ndiyo naiogopa zaidi, kwa sababu haikuonyi wakati unafunga.

Kuhesabu nyuzi hakusaidii kwa hawa watatu, tofauti ni ndogo mno. Kinachosaidia ni kalipa nzuri, kile kifaa cha kupimia unene, na nati za kujaribia. Pima sehemu ya skrubu isiyo na kutu, karibu na kichwa, baada ya kuisugua kwa brashi ya waya. Kumbuka skrubu halisi huwa nyembamba kidogo kuliko namba yake, kwa hiyo ukipata 4.85 usikimbilie kusema ni 10-32, huenda ni ya milimita 5 iliyochakaa. Hapo ndipo unatumia nati. Mimi nimefunga nati tatu kwenye waya, moja ya kila aina, zikiwa mpya na za uhakika. Skrubu ikiingia kwa vidole mpaka mwisho bila kubana na bila kucheza kushoto kulia, umempata mwenyewe.

Bolti kubwa zinazofunga paa kwenye mbavu za pembeni na kwenye fremu ya kioo cha mbele ni rahisi zaidi. Robo inchi ya UNF ina nyuzi 28 kwa inchi, ya BSF ina 26, na tofauti hiyo unaiona ukizibana pamoja na kuzitazama dhidi ya mwanga: zikipishana, si ndugu. Spana pia inakuambia. Kichwa cha bolti ya UNF ya 5/16 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, ndiyo maana spana ya 13 inaingia lakini inacheza na mwishowe inakula kona. Nunua seti ndogo ya spana za inchi.

Skrubu za kujichimbia, zile zilizoshika dari langu pamoja na washa za kikombe, zina namba zake: namba 6 ni milimita 3.5, namba 8 ni 4.2, namba 10 ni 4.8. Tundu likiwa limepanuka, fundi wengi wanapandisha namba tu. Mara moja inakubalika. Ukipandisha tena, kichwa hakikai ndani ya kikombe na dari linaonekana limefungwa na watu watano tofauti. Ni afadhali kuvalisha nati ya bati nyuma ya tundu, ile iliyokunjwa kama ulimi, na kurudi kwenye namba ya mwanzo. Angalia na msalaba wa kichwa: ukiona mistari midogo minne katikati ya mikono ya msalaba, ni Pozidriv, na bisibisi ya nyota ya kawaida itaruka na kukitafuna.

Kwa klipu za plastiki sina mengi. Pima kipenyo cha tundu, unene wa bati na ubao kwa pamoja, na upana wa kichwa. Za magari ya Kijapani zinazouzwa kila kona mara nyingi zinaingia kwenye tundu, lakini kichwa kinakuwa kikubwa na kinang'aa. Ni juu yako.

Kuhusu mahali pa kupata: Gerezani, Dar es Salaam, nilipata UNF nyingi kwa kuwapelekea skrubu ya zamani mkononi, si kwa kuwatajia namba kwa simu. Kwa BA nilihangaika mpaka nilipokumbuka umeme. Vifaa vya umeme vya Kiingereza vya kabla ya miaka ya 1970 vimejaa skrubu za BA, na majengo ya zamani ya viwanda vya mkonge bado yana mabodi ya swichi ya wakati ule yanayong'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Nilipata kiganja kizima cha 2BA za shaba ya manjano, nzima kabisa. Zilizobaki niliagiza Uingereza na wenzangu wawili, tukagawana gharama ya mzigo. Kabla ya kuagiza tafuta kitabu cha vipuri cha gari lako, kile cha kiwandani, kwa sababu kinataja ukubwa wa bolti na skrubu sehemu nyingi.

Zile za shaba nilizitumia ndani, kwenye dari kavu tu, kamwe si nje. Bodi ya Land Rover ni alumini, na sisi wa pwani tuna chumvi hewani usiku na mchana. Chuma au shaba ikigusa alumini penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu, rangi inavimba, kisha tundu linapanuka lenyewe. Hata chuma kisichoshika kutu kinaleta balaa hilo kikikaa wazi. Kwa nje nimetumia skrubu zilizopakwa zinki, washa ya nailoni chini ya kila kichwa, na Duralac, dawa ya kutenganisha metali mbili zisilane, kwenye nyuzi. Vaa glavu unapoipaka, si kitu cha kugusa.

Zile za zamani zimekaa kwenye makopo ya maziwa sasa, kila kopo na karatasi yake: ukingo wa dari kushoto, ukingo wa dari kulia, kioo cha mbele, mlango wa nyuma. Kopo la mlango wa nyuma bado linanidai skrubu sita za 2BA. Yeyote aliyeko Korogwe au Muheza anayejua bodi la swichi linalong'olewa, aniambie kabla halijaenda kuyeyushwa.