Rodi kunata kwenye chuma

Mkuu, unasema unachomelea geti na rodi ya kuchomelea ya milimita 2.5 inanata kila ukiligusa. Nahisi moto, yaani umeme wa mashine, umeuweka mdogo. Panda hadi ampea 70 au 80, ukwangue chuma kama unawasha kiberiti, halafu inua kidogo tu, kiasi cha unene wa rodi. Hapo umeme unaruka hewani, joto linapita nyuzi 3,000, rodi na chuma vinayeyuka pamoja. Ule unga mkavu uliopakwa nje ya rodi ukiungua hutoa moshi unaokinga chuma na hewa, lakini ukinyonya unyevu haufanyi kazi vizuri, kwa hiyo na mvua hizi za mji wa Moshi usiache pakiti ya rodi wazi. Ethi, ule waya wa mashine wenye kibanio, ibane kwenye chuma palipokwanguliwa rangi. Na miwani ya jua si kinga ya macho kwa mwanga wa kuchomelea! Nilijaribu, nikakesha macho yakiuma kama yametiwa mchanga.