Kuku anajua siku 21 zake, wewe jifunze zinazofuata

Ukiniuliza uanze na nini, nitakuambia tafuta kalenda ya ukutani na kalamu ya risasi. Banda zuri litangoja, mashine ya kutotolesha itangoja. Kuku wa kienyeji akishaamua kulalia mayai, zile siku 21 hakuna mtu wa kumfundisha. Joto analitoa kifuani, na mayai anayageuza mwenyewe kwa mdomo, mchana na usiku. Kazi yako katika siku hizo ni kumlinda asisumbuliwe na kujua tarehe. Kazi ngumu inaanza vifaranga wakishatoka, na hapo ndipo wengi hulegea kwa kudhani wamemaliza.

Ninafuga Uru, juu kidogo ya Moshi mjini, kwenye kihamba chenye migomba na kahawa. Nilianza na koo mmoja, yaani kuku jike wa kuzalisha, niliyepewa na mama mkwe wangu. Nilimwekea mayai 12, akatotoa vifaranga 11, nikatembea kifua mbele wiki nzima. Mwezi ulipoisha walikuwa wamebaki watatu. Wawili walibebwa na mwewe, mmoja alizama kwenye sufuria ya maji, na watano walikwisha mmoja mmoja asubuhi za umande, wakimfuata mama yao kwenye majani mabichi mpaka miguu na tumbo vikalowa. Hakuna ugonjwa ulioingia hapo. Nililia kwa wale wanane, na mengi ninayokuandikia nilijifunza kwao.

Tuanze na kuku mwenyewe. Aliyeingia hamu ya kuatamia utamjua: anakaa kwenye kiota hata usiku wakati wenzake wamepanda juu kulala, ukimsogelea anavimba manyoya na kulia kwa sauti nzito, ukimtoa anarudi. Ukipapasa kifua chake utakuta sehemu haina manyoya, ngozi tupu yenye joto. Hata hivyo usimkabidhi mayai yako mazuri siku hiyo hiyo. Mwekee mayai mawili matatu ya kisasa, yale ya dukani yasiyo na mbegu, umwangalie siku mbili au tatu. Akituama, mpe kazi. Kuna anayekaa siku moja na nusu kisha anaondoka kama hajawahi kukuona, na ni heri aache mayai ya dukani kuliko mayai yako.

Wanaofuga Sasso au Kuroiler, wale kuku chotara walioboreshwa, wasihangaike kusubiri kuku wao walale. Hamu ya kuatamia ni ndogo sana kwao, maana kuku akiatamia hatagi yai, na waliowazalisha walitaka mayai na nyama. Tumia koo wa kienyeji kulalia mayai yao ukipenda, ila ujue watoto hawatafanana sana na wazazi.

Mayai ya kuatamiwa yachague kwa makini kuliko ya kula. Hakikisha kuna jogoo anayefanya kazi, mmoja kwa majike wanane mpaka kumi. Okota mayai mara mbili kwa siku, yaweke sehemu yenye ubaridi lakini si kwenye friji, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Yakipita siku saba nguvu yake inaanza kupungua. Mimi siku ya kumi ndiyo mwisho wangu, baada ya hapo yanaenda jikoni. Acha makubwa kupita kiasi, madogo mno, yenye ufa na yenye ganda la mabaka. Usiyaoshe. Ganda la yai lina utando unaozuia vijidudu kupita kwenye matundu yake, na maji yanauondoa. Yai lenye kinyesi kingi usiliweke kabisa.

Idadi yake itategemea mwili wa kuku. Koo wa kawaida anafunika 10 hadi 13. Kuna jirani yangu alimlazimisha wa kwake mayai 18, akapata vifaranga sita. Mayai ya pembeni yanapoa, kuku anapoyageuza yale ya katikati yanatoka pembeni, kwa hiyo baridi inayazungukia yote kwa zamu.

Sasa kalamu ya risasi. Weka mayai yote kwa siku moja, na kila yai lichore alama. Kuku wengine watakuja kutagia humo humo, hilo halikwepeki kama kiota kiko wazi. Kila jioni kuku akitoka kula, pitisha macho: lisilo na alama toa. Usipofanya hivyo, vifaranga wa kwanza watatoka siku ya 21, mama atanyanyuka nao, na mayai yaliyobakiza siku nne au tano yatapoa yakiwa na viumbe hai ndani. Nimewahi kuyapasua mayai ya namna hiyo. Sipendi kuyaona tena.

Kiota kiwe mahali penye giza kiasi, pasipo pitapita ya watoto na mbwa. Mimi natumia beseni kuukuu au boksi la mbao, chini naweka udongo mkavu kidogo ulionyooshwa kama sahani, juu nyasi kavu. Udongo unayashika mayai yasitawanyike na unatunza unyevu, jambo la maana Januari na Februari hapa Moshi wakati hewa imekauka na joto limepanda. Kabla ya nyasi, nyunyiza majivu ya kuni yaliyopoa dhidi ya utitiri. Huyu utitiri ni mdudu mdogo sana, lakini usiku anamnyonya kuku damu mpaka anayakimbia mayai yake. Ukiona kuku ameanza kusimama ndani ya kiota badala ya kulala, ingiza mkono chini. Ukitoka na vidoa vinavyotembea, badilisha nyasi zote siku hiyo hiyo na umpake dawa ya unga utakayopata duka la mifugo.

Kumhamishia kwenye kiota kipya ufanye usiku. Mnyanyue kwa mikono miwili kutoka chini, hakikisha hana yai kwapani, mlaze taratibu, kisha mfunike na tenga mpaka kesho yake.

Na siafu. Sisi wa milimani tunaoishi na migomba hatuwezi kuzungumza kuku anayeatamia bila kuwataja. Kuku mwingine atakimbia, ila aliyelala juu ya mayai haondoki, siafu wanamlia pale pale. Kiota changu sasa kiko juu ya stuli, na kila mguu wa stuli umesimama ndani ya kopo lenye maji na oili chafu kidogo. Mvua zikianza nakagua makopo kila jioni kabla sijafunga mlango. Vifaranga wakitoka nawashusha chini, maana wanaweza kuanguka au kutumbukia humo.

Ndani ya siku hizo 21 kuku atatoka mara moja kwa siku, dakika 15 au 20 hivi, kula, kunywa na kujisaidia. Kinyesi chake kitakuwa kikubwa na chenye harufu kali. Wengi wanaoanza hushtuka wakadhani anaumwa. Ni cha siku nzima kimekusanyika. Mpe mahindi mazima na maji safi karibu na kiota, ila yasiwe ndani ya kiota. Punje nzima zinakaa tumboni muda mrefu kuliko pumba. Kama hatoki kabisa siku ya pili, mtoe mwenyewe kwa upole, kwa sababu wapo wanaojisahau mpaka wanakonda vibaya.

Siku ya saba, usiku, mulika mayai kwa tochi. Shika yai, bana mwanga upite upande wa duara. Lenye uhai lina doa jeusi lenye mishipa myembamba ya damu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lililo angavu tupu halikuwa na mbegu. Rudia siku ya 14, wakati huo yai zima linakuwa giza isipokuwa nafasi ya hewa juu. Toa yale mabovu, maana yai viza likipasuka kiotani linachafua yote. Kuanzia siku ya 18 achana na kiota. Usimulike wala usipapase. Vifaranga wanajipanga ndani kwa ajili ya kutoka.

Siku ya 20 utasikia sauti ndani ya ganda na mama akiwajibu. Kifaranga akitoboa tundu la kwanza anaweza kupumzika saa nyingi, hata usiku mzima, na hapo ndipo mkono unakuwasha kumsaidia. Mdogo wangu, kaa kando. Mishipa inayozunguka ndani ya ganda bado ina damu na kiini bado kinaingia tumboni mwake. Nilimenya ganda la mmoja kwa huruma, akatoka damu, akafa kiganjani mwangu. Kiini hicho hicho ndicho kinachomlisha siku mbili za kwanza, kwa hiyo usifadhaike mama akiendelea kulala huku wengine wameshatoka na hawajala. Anawangoja walio nyuma.

Wakishatoka wote, futa jasho, kisha jiandae. Wiki nne za kwanza ndizo zinazoamua utabaki na wangapi.

Mwachie mama awatie joto, lakini usimwachie atembee nao kihambani. Mimi nawaweka ndani ya tenga kubwa au kibanda kidogo chenye wavu mdogo, juu ya maranda makavu. Wiki mbili za kwanza hawatoki. Wiki ya tatu na ya nne wanatoka jua likishakausha majani, saa nne asubuhi hivi, na wanarudi kabla ya saa kumi jioni. Tenga linazuia umande, mwewe, kunguru na paka kwa pamoja, na sijui kifaa kingine cha bei ndogo kinachofanya kazi yote hiyo. Panya ndiye atakayekusumbua. Ziba matundu ya chini kwa wavu wa chuma. Ukianza Juni au Julai, wakati ubaridi wa huku na wa Arusha unaingia mpaka kwenye mifupa, ongeza maranda na ziba upande wa upepo kwa gunia. Mimi binafsi napanga mayai yaanguliwe Januari au mwishoni mwa Agosti, ili vifaranga wawe wamekomaa kidogo masika ya Machi na vuli ya Oktoba zikija.

Maji yawe kwenye sahani ya chini yenye vijiwe ndani, ili kifaranga anywe katikati ya vijiwe bila kuingia miguu. Chakula cha vifaranga, watu hukiita stata, kinauzwa maduka yote ya mifugo mjini. Kama mkono ni mfupi, chenga za mahindi zilizochanganywa na dagaa waliosagwa na mashudu ya alizeti zitawasogeza, ingawa hawatakua kwa kasi ile. Protini ndiyo inayojenga manyoya, na manyoya ndiyo koti lao. Mama atakula chakula chao chote usipomzuia. Weka chakula cha vifaranga chini ya kitenga kidogo chenye nafasi wanazopita wao tu, mama mpe mahindi yake pembeni. Usiwape vifaranga chakula cha kuku wa mayai. Kina chokaa nyingi, inaharibu figo zao.

Kuhusu chanjo, nakuomba usisubiri uone jirani amefiwa. Mdondo, ugonjwa ambao wengine wanauita kideri, ukiingia banda lisilochanjwa unaweza kulimaliza ndani ya wiki. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa hapa Tanzania na inavumilia joto kuliko nyingi za mdondo, ndiyo maana inafaa vijijini. Ni tone moja kwenye jicho moja, hata kwa kifaranga, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wako, kwa hiyo changeni majirani wanne au watano mchanje siku moja. Magonjwa ya gumboro na ndui nayo yana chanjo zake. Ratiba mwulize afisa mifugo wa kata, na walio upande wa Arusha wana chuo cha mifugo cha LITA pale Tengeru. Chanjo ya kuweka kwenye maji usiichanganye na maji ya bomba yenye klorini, inakufa kabla haijanywewa.

Ukiona kifaranga wa wiki ya tatu mpaka ya sita amejikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi kina damu, hiyo mara nyingi ni koksidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo. Mtenge, nenda duka la mifugo ukaulize dawa yenye amproliamu, na siku hiyo hiyo toa maranda yote yaliyolowa. Dawa bila kukausha sakafu haitafika mbali.

Baada ya miezi miwili au zaidi mama ataanza kuwadonoa na kuwafukuza. Usimwonee ubaya, anataka kutaga tena. Ukitaka arudi kwenye mayai mapema, unaweza kuwatenga vifaranga wakiwa na wiki nne au tano, wakishaota manyoya mgongoni, mradi una pa kuwaweka penye joto. Usiku wa kwanza bila mama, amka uwaangalie. Watakuwa wamerundikana kona moja, wa chini wakikosa hewa. Zungusha kona kwa kadibodi au marobota ya nyasi zisiwepo pembe kali, watawanye kwa mkono, na uwaangalie tena kabla ya alfajiri.