Usikaze hiyo nailoni! Boti ya majira ya baridi lazima ipumue

Mleta mada, acha kwanza. Umeandika kwamba wikendi hii boti inatolewa majini, utaifunika kwa nailoni nzito ya kubana kwa moto kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma), utaziba matundu yote ya hewa kwa utepe, mito na magodoro vibaki humo humo kwa kuwa nyumbani hakuna nafasi, kisha utaning'iniza mifuko ya chumvi ya kunyonya unyevu na kurudi majira ya kuchipua. Halafu ukauliza kuhusu mabomba, betri na panya. Hayo yanaweza kusubiri. Nailoni ikishakazwa, ndiyo basi.

Huo mpango naujua kama ulivyo, kwa sababu mimi niliupewa na fundi wa yadi niliyokuwa nahifadhi boti. Mtu mzima, mikono imeiva kwa kazi, anaongea bila kusitasita. Akaniambia: "Ziba kila tundu. Ukungu ni kiumbe hai, ukikosa hewa unakufa." Nikamwamini, na wengi humu wangemwamini. Ila nikikumbuka ile sentensi mpaka leo damu inachemka. Kebini ukiifunga inabaki na mita kadhaa za ujazo za hewa, na ukungu hauhitaji hata robo yake. Unachohitaji ni unyevu na kitu cha kula. Chakula chake ni vumbi, jasho lililoingia kwenye vitambaa, gundi, mbao, karatasi. Vyote hivyo unavyo. Ukiziba, umeongezea unyevu usio na pa kutokea, umemkamilishia mgeni karamu.

Nilipochana nailoni msimu ulipoisha, harufu ilinipokea kabla sijafika ngazini. Dari madoa meusi kote, na kitambaa chake kimeachia gundi kinaning'inia. Mito ya viti ilikuwa mizito kwa maji, na upande wa chini, ule uliolalia faiba, umeota manyoya ya kijani. Ukuta wa plaiwudi unaotenganisha kebini na chumba cha omo ulikuwa umenyonya maji kutoka ngamani, pale chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika, ukapanda nayo hadi usawa wa goti, ganda lake la juu limebanduka vipande vipande. Ule ukungu ulikuwa umestawi kiasi cha kustahili hati ya shamba. Nacheka sasa, siku ile sikucheka.

Nikamwita fundi aje aone. Akachungulia, akashika kiuno, akasema: "Labda mifuko haikutosha." Mifuko haikutosha! Mtu anakuzibia boti yako, anakuharibia kila kitu cha ndani, halafu anakwambia ungenunua mifuko zaidi.

Sasa sikiliza yanayotokea mle ndani, maana ukishayaelewa hakuna fundi atakayekudanganya. Hewa ya nyuzi joto 20 inaweza kubeba takribani gramu 17 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 0 inabeba gramu 5 hivi tu. Zinazobaki lazima zigeuke maji. Jua la mchana, hata la baridi, linapiga nailoni na ndani kunapata joto. Maji ya ngamani, ya kwenye kamba mbichi, ya kwenye sponji, yanapanda hewani. Usiku bodi, yaani ganda la nje la boti, linapoa, yale maji yanashuka na kung'ang'ania sehemu yenye baridi zaidi: fremu za chuma, vioo, ubavu wa boti nyuma ya makabati, na chini ya magodoro. Kesho yake tena. Ni chungu cha moto kilichofunikwa, matone yanajipanga chini ya mfuniko, ila hiki chungu kinachemshwa na kupozwa kila siku ya Mungu kwa miezi.

Na usidanganywe na kipimo cha unyevu kinachoning'inia katikati ya kebini. Kitasoma asilimia 55 na utafurahi, ilhali sentimita chache tu kutoka kwenye bodi lenye baridi, nyuma ya mto, unyevu uko asilimia 80 au zaidi. Ukungu unaanza kuchangamka ukifika kama 70, na hauishi katikati ya chumba, unaishi pale nyuma ya mto.

Kuna anayesema humu kwamba ukiacha matundu wazi utaingiza unyevu wa nje. Hapana. Hewa ya nje ya nyuzi 0, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 85, imebeba gramu 4 na kidogo tu. Ikiingia ndani ikapata joto la nyuzi 10 mchana, unyevu wake unashuka chini ya asilimia 50. Yaani ile hewa ya baridi unayoiogopa inaingia ikiwa na kiu, inakunywa maji ya boti yako na kutoka nayo. Ukiipa njia ya kupita, inakufanyia kazi bure.

Hiyo mifuko nayo. Zile chembe nyeupe ni kalisi kloridi. Zinanyonya kweli, hata kuzidi uzito wake, kisha zinageuka maji ya chumvi kali chini ya mfuko au bakuli. Kilo moja itakuvutia lita chache, kisha basi, imeshiba, na msimu bado mbichi. Ngama iliyoachwa na maji ya kina cha vidole viwili ina maji mengi kuliko hayo. Kwangu bakuli moja lilijaa likamwagika juu ya viungio vya nyaya. Yale maji hayakauki, kwa sababu yanaendelea kuvuta unyevu wa hewa, na yanakula chuma na alumini taratibu huku mwenyewe uko nyumbani umetulia. Na ukiweka mifuko huku matundu yako wazi, unajaribu kukausha anga zima.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia kwa yeyote atakayefungua mada kama hii: kausha kwanza, kisha acha hewa ipite. Hewa ya kupita, siyo hewa ya kukaa.

Ipite vipi? Matundu yawe mawili angalau, moja omo na moja tezi, na ikiwezekana moja liwe chini na lingine juu, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Tundu moja halisaidii kitu. Kama lazima utumie nailoni, basi nayo itobolewe na kuwekewa kofia za hewa juu kwenye ncha zote mbili, na pindo la chini lisibanwe kuzunguka bodi lote. Turubai lililotandazwa juu ya mti wa katikati, theluji ikateleza, pembeni pakabaki nafasi, kwangu ni bora kuliko nailoni yoyote. Ndani fungua kila kitu: milango, makabati, masanduku ya chini ya viti, droo. Inua baadhi ya mbao za sakafu uziegemeze. Mlango wa friji uwekewe kijiti usijifunge, la sivyo utapata bustani ya pili humo. Kona isiyopitiwa na hewa ndiyo itakayooza, hata kama pengine pote ni pakavu.

Kabla ya hapo, kukausha. Pampu ya ngama haimalizi maji, kila mara inaacha kiasi chini. Piga magoti, malizia kwa sponji na kitambaa mpaka kiganja chako kitoke kikavu. Kamba, makoti ya mvua, matanga, maboya ya kuvaa, yote yatoke.

Halafu chumvi ya bahari, ambayo karibu hakuna anayeitaja. Chumvi iliyokaukia kwenye mito, kwenye mbao, kwenye dari, inavuta maji kutoka hewani. Ile ya kawaida inaanza kulowa unyevu ukifika kama asilimia 75, na ya bahari ina chumvi za magnesi zinazovuta hata chini ya hapo. Ndiyo maana mto uliolowa maji ya bahari haukauki kabisa hata ukiuanika siku nzima. Jioni ukiugusa una ubaridi ule ule. Kwa hiyo vitambaa vifuliwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kuta, dari na ndani ya makabati vifutwe kwa maji hayo hayo yenye sabuni kidogo, kisha vikaushwe siku yenye upepo huku kila kitu kiko wazi. Hii ni kazi ya kuchosha na ndiyo yenye faida kuliko zote.

Kuhusu mito: hakuna nafasi nyumbani? Itafute. Chini ya kitanda, juu ya kabati, kwa jirani, kwa shemeji. Sponji ikishaingiwa na ukungu hadi ndani haiponi. Nilijaribu kuipaka jiki. Rangi nyeusi inatoka juu, unafurahi, baada ya wiki mbili harufu imerudi kwa sababu mizizi iko katikati na wewe umeiongezea maji. Na mtu asije akachanganya jiki na siki au amonia ndani ya kebini, hiyo ni gesi ya sumu. Mimi mwisho nilitupa sponji zote, nikashonesha vitambaa upya, dari ikabanduliwa, ule ukuta wa plaiwudi ukakatwa chini na kuungwa. Injini haijawahi kunigharimu kiasi hicho. Kama kweli kabisa mito haiwezi kutoka, isimamishe kwa ubavu katikati ya kebini, isiguse bodi, zipu zikiwa wazi.

Mwenye umeme wa uhakika pale yadi anaweza kutumia mashine ya kukausha hewa, na hapo tu ndipo boti hufungwa. Achague ile inayotumia kemikali kavu, kwa sababu zile za kompresa zinaganda zenyewe baridi ikizidi, na bomba lake la maji litoke nje kabisa, lisiishie kwenye ndoo. Lakini umeme ukikatika mwezi mzima hakuna aliyejua, umerudi kwenye chungu kilichofunikwa. Yadi nyingine pia haziruhusu kuacha kifaa kikiwaka bila mtu. Uliza kwanza.

Mabomba, kwa haraka: maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na yatapasua pampu, hita na valvu. Mwaga tangi, mwaga hita, kisha sukuma antifrizi (dawa ya kuzuia maji kuganda) ya propilini glaikoli mpaka itoke yenye rangi kwenye kila bomba na chooni. Siyo ile ya injini ya ethilini glaikoli, hiyo ni sumu na haigusi kabisa mfumo wa maji ya kunywa.

Sasa nenda yadi ukawaambie wasianze kufunika. Utepe ulioziba matundu utoe, mito ipakie garini, ngama ikauke, halafu weka picha hapa ya matundu ya omo na tezi kabla nailoni haijapigwa moto. Nitakuwepo jioni, nitazitazama moja moja.