Wadogo zangu wa ustawi, diwani anasoma kabrasha

Diwani alisimama kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji akauliza kwa nini wazee wa kata yake wanaambiwa wakanunue dawa wakati wana vitambulisho vya matibabu bure. Mdogo wetu, afisa ustawi wa jamii wa ajira mpya, akainuka kwa adabu zote: "Mheshimiwa Mwenyekiti, changamoto hiyo tumeipokea na tunaifanyia kazi." Diwani akauliza ni nani anaifanyia kazi, na ni kazi gani hasa. Mdogo wetu akamgeukia DMO, mganga mkuu wa wilaya. DMO akapata ghafla jambo la kusoma kwenye kabrasha.

Simlaumu. Jibu lile nimelitoa mimi, wamelitoa walionitangulia, na tunarithishana kama lile kabati la chuma lisilofungika. Ila sasa basi, jamani. Nyinyi mlioripoti mwaka huu mnakaa Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe mkidhani kamati ni shughuli ya DMO. Mtaitwa, mtasimama, na wanaouliza wana mwaka wa uchaguzi kichwani.

1. Jua kipi ni cha halmashauri na kipi si chake. Tangu Januari 2022 mambo ya wazee yako Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Miongozo ya tiba inatoka Wizara ya Afya, na wewe mwenyewe uko TAMISEMI. Maelekezo yanaingia kwa milango mitatu na wote wanataka taarifa Ijumaa. Diwani hayo hayamhusu; kwake yote ni halmashauri, na mara nyingi ana haki. Lakini makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge au Kolandoto, yako chini ya wizara, si Mkurugenzi wako. Nimewahi kumwona mwenzetu akiulizwa juu ya makazi ya aina hiyo, akapata joto la ukumbi, akaahidi jengo litapakwa rangi robo ijayo. Ahadi ikaingia kwenye muhtasari. Amehama, rangi haijapakwa, na kila robo kipengele kile kinasomwa kwenye yatokanayo.

2. Soma taarifa za kata kabla hujaandika yako. Swali utakaloulizwa liko humo tayari, limeandikwa na mtendaji wa kata kwa Kiswahili chepesi.

3. Usiripoti kilicho kwenye boksi.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nikiwa mgeni kama nyinyi tulikuwa na kazi ya kutambua wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea na kuwatengenezea vitambulisho. Mnaijua kazi ilivyo: watendaji wa vijiji wanaleta orodha zilizoandikwa kwa kalamu, jina moja linajirudia, mwingine alishazikwa, mwingine hajafika hata miaka 55 lakini ni mkwe wa mwenyekiti wa kitongoji. Tukachuja, tukapiga picha, tukachapisha. Boksi zikaja ofisini kwangu, nikazisukuma chini ya meza zisubiri saini, muhuri na gari. Gari likawa na chanjo. Kisha likawa na wageni wa mkoa. Kisha likawa gereji. Robo ikafungwa.

Nikatakiwa kujaza jedwali. Fedha zilishatumika, safu ya lengo ilishajaa, na safu ya utekelezaji ikawa inanitazama. Kuiacha tupu niliona ni kujianika. Nikaandika kwamba wazee wa kata zote wametambuliwa na kupatiwa vitambulisho. Nikajiambia wiki ijayo itakuwa kweli.

Ikapita CMT, timu ya menejimenti ya halmashauri, hakuna aliyeuliza. Ikapita kamati, ikapigiwa meza. Ikafika Baraza la Madiwani, ikapokelewa. Na diwani mmoja, Mungu ampe umri, akafanya kile tunachosema kila siku kwamba madiwani hawafanyi: alirudi kwake na kabrasha, akaitisha mkutano wa hadhara, akasoma ukurasa wangu mbele ya wananchi. Akawaambia wazee kwamba vitambulisho vimeshatolewa, na atakayedaiwa hela zahanati amletee jina la anayemdai.

Kesho yake wazee wakajaa zahanati. Mkononi hawana kitu, wana neno la diwani. Mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati pale, alikuwa sista mmoja anayezalisha, anayechanja, anayeandika vitabu vya MTUHA, yaani takwimu za huduma, na anayefagia mhudumu akiugua. Anajua pia jambo ambalo kamati huwa hatuiambii: dozi inayotoka kwa msamaha wa malipo hairudishwi na mtu, na vijisenti vya papo kwa papo ndivyo anavyonunulia dawa kwa mshitiri, muuzaji binafsi aliyeidhinishwa, Bohari ya Dawa ikikosa. Akawaambia wasio na kitambulisho wachangie kama kawaida. Kwa utaratibu alikuwa sahihi kabisa. Kwa wazee alikuwa mwizi. Mzee mmoja aliyekuja na mjukuu kutoka kitongoji cha mwisho alirudi bila dawa ya presha.

Sista akapewa barua ya kujieleza. Baraza la robo iliyofuata, kwenye taarifa ya kata, akatajwa kama mtumishi anayenyanyasa wazee. Waheshimiwa wakasimama mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa ukumbini, safu ya wataalamu. Boksi zilikuwa bado chini ya meza yangu.

Sikuinua mkono. Kuandika ule uongo kulinichukua dakika moja, lakini kunyamaza kulichukua mchana mzima, na kila mheshimiwa alipomaliza nilijiambia nitasema baada ya huyu. Jioni ndipo nilimfuata DMO nikamwambia. Nilitegemea anifokee. Aliniuliza kama pikipiki ya ofisi ina mafuta. Siku mbili tukazunguka kata ile na boksi kwenye kerea, tukigawa kwa saini na dole gumba. Sista alinipa kiti, akasaini sehemu yake ya kupokea, hakuniuliza neno. Barua yake ilifutwa na DMO aliandika ufafanuzi kwenye kabrasha lililofuata, nusu ukurasa, ambao hakuna aliyeusoma kwenye mkutano wa hadhara. Sista alikuwa ameshaomba uhamisho. Ukatoka. Zahanati ilikaa muda mrefu na mhudumu peke yake, na wazee wale wale ndio waliolipia kosa langu mara ya pili.

Kwa hiyo jedwali lenu la wazee liwe na safu nne: waliotambuliwa, vitambulisho vilivyochapishwa, vilivyokabidhiwa kwa saini au dole gumba, na wazee waliotibiwa. Safu tupu yenye maelezo chini yake sijaona ikimfukuzisha mtu kazi.

4. Safu ya nne iko MTUHA, usiitunge. Kitabu namba 5 kinaandika umri wa kila mgonjwa wa nje, na muhtasari wa mwezi unawatenga wa miaka 60 na kuendelea. Linganisha na vitambulisho vya kata ile. Kata yenye vitambulisho vingi na wazee wachache kitabuni ina kitu, nenda kaone. Mimi nilikwenda moja nikakuta "Dirisha la Wazee" limeandikwa vizuri sana kwa rangi ya bluu. Halifunguki. Nyuma yake kuna marobota ya vyandarua.

5. Hela ziko kituoni, si kwa DMO. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule wa wafadhili, unaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo usimwambie diwani "tutawapelekea fedha". Mwambie kamati ya usimamizi ya kituo imepanga nini. Na kama hujui imepanga nini, huo ndio ugonjwa wetu: tunahudhuria semina za kanuni lakini kikao cha kamati ya zahanati, ambako mkulima na mwalimu mstaafu wanaamua kununua dawa za kisukari au kukarabati choo, hatuendi. Hitaji la wazee lisipoingia kwenye mpango wa kituo kabla PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti, haijafungwa, mfawidhi hata akiwa na huruma ya mama hawezi kulinunulia, FFARS, mfumo wa hesabu za kituo, itamuuliza. Ndiyo maana baadhi ya halmashauri ziliamua kuwakatia wazee kadi za CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita: angalau zahanati ilidai na kulipwa. Kitambulisho cha msamaha kinaiachia zahanati deni tu. Sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na madiwani watawauliza wasiojiweza wanaingiaje. Isomeni kabla hawajauliza, nawaomba.

6. Ziara ya kamati. Mkiwaachia waheshimiwa wajipangie, watakagua matofali. Nimefuatana na ziara nyingi na sijui ni wodi ngapi nimezijua kwa idadi ya mifuko ya saruji bila kumjua hata mgonjwa mmoja. Jengo linaonekana na linapigwa picha, lakini mzee aliyelala ndani nyumba ya tatu kutoka pale haonekani. Andika kwenye ratiba nyumba ya mzee mmoja anayeishi peke yake. Omba ruhusa kwake kwanza. Msiingie watu ishirini na kamera, mwache mwenyekiti na diwani wa eneo waingie, wasalimie, wakae. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, mwenyekiti wa kamati alitoka akauliza maswali mazuri kuliko yote niliyowahi kusikia kwake, likiwemo la nani anamchotea maji bibi yule. Halikuwa na jibu kwenye kabrasha. Liliishia kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na jirani mmoja akapatikana, bila senti ya halmashauri.

Na usimamizi shirikishi, zile ziara zetu za kuwatembelea na kuwaelekeza watumishi vituoni, uende hata zahanati za ng'ambo ya mto. Kitabu cha wageni hakidanganyi, diwani anakifungua.

7. Mabaraza ya wazee si mapambo ya Oktoba Mosi, Siku ya Wazee. Kamati inaweza kumwalika mtu kutoa maelezo, basi mwambieni katibu mapema amwalike mwenyekiti wa baraza la wazee la wilaya, mumpe nauli, mumpe na zamu mapema kabla kikao hakijachoka. Alikuja mmoja kwetu, tukawa na hofu atalalamika. Akaamkiwa shikamoo na ukumbi mzima, akakaa, akasema ana jambo moja. Wazee hawalali, saa kumi na mbili asubuhi wameshafika zahanati. Dawa zinaanza kutolewa saa tatu, na aliyetakiwa kunywa dawa yake ya sukari baada ya kula anakuwa hajala, kwa sababu alidhani atarudi nyumbani mapema. Akaomba wazee watangulizwe dirishani kabla ya kliniki ya watoto kuanza, au waambiwe waje saa mbili na nusu wakiwa wamekula.

Sisi wataalamu tulikuwa na kurasa kumi na nne, na hilo halikuwemo. DMO aliwaandikia wafawidhi wote siku ile ile.