Njia za mkato za kupanda kwenye Google: bado zinalipa?

SWALI: Nina kampuni ndogo ya utalii Arusha. Tunapeleka wageni Serengeti na Ngorongoro, na tunapandisha Kilimanjaro. Tovuti yetu ina miaka sita, lakini mgeni akitafuta safari za Tanzania tunatokea ukurasa wa nne au wa tano. Wakala mmoja ametuletea ofa ya miezi mitatu kwa shilingi milioni 2.4: viungo 300 (links) vya kuja kwetu kutoka tovuti zenye DA ya 50 kwenda juu, domeni ya zamani (anwani ya tovuti) itakayoelekezwa kwetu, na kurasa 200 zilizoandikwa kwa akili unde (AI). Anasema washindani wetu wote wanafanya hivyo. Nimesikia pia kwamba Google huadhibu. Je, mbinu hizi bado zinalipa, au nitaiharibu tovuti yangu?

JIBU: Ndugu msomaji, zinalipa kwa mtu mwenye tovuti ya kutupa. Yupo anayefungua tovuti kumi za kasino au za mikopo, anazijaza viungo vya kununua, moja au mbili zinapanda kwa wiki chache, anavuna, kisha Google inaziangusha na yeye anasajili domeni nyingine. Kwake kuangushwa ni gharama ya kazi, ameshaihesabu. Wewe una jina moja tu. Liko ubavuni mwa gari, liko kwenye leseni, liko kwenye maoni ya wageni wa miaka sita. Hesabu yake haiwezi kuwa hesabu yako.

Hata hivyo, adhabu unayoiogopa siyo hasara inayokukaribia zaidi. Inayokukaribia ni kulipa na pasitokee kitu. Hadi mwaka 2012 viungo vya kununua vilifanya kazi kweli, na ndiyo maana biashara yake ni kubwa mpaka leo. Tarehe 24 Aprili 2012 Google ilitoa sasisho lililoitwa Penguin, lililoshusha tovuti zenye viungo vya hila. Septemba 2016 Penguin ikaingizwa kwenye mfumo mkuu ili ifanye kazi muda wote, na badala ya kuishusha tovuti nzima ikaanza kuvipuuza viungo vyenyewe. Desemba 2022 mfumo wao wa kunasa taka, SpamBrain, ukapewa kazi ya kufuta nguvu ya viungo vilivyonunuliwa na ya tovuti zinazoviuza. Google imeandika wazi kwamba faida iliyotokana na viungo hivyo ikishaondolewa, hairudi tena.

Kwa hiyo mwenendo wa kawaida ni huu: unalipa, unapanda nafasi chache mwezi wa pili, wakala anakutumia picha ya grafu, kisha unarudi ulikokuwa. Wengi hudhani hapo wameadhibiwa. Hawajaadhibiwa; kile walichokodi kimeacha kuhesabiwa.

Tuichambue ofa yenyewe. DA (Domain Authority) ni kipimo cha kampuni ya Moz cha nguvu ya tovuti, kinachokwenda 1 hadi 100, na ni makisio yao wenyewe. Google haikitumii kupanga matokeo. Tena ni rahisi kukipandisha: muuzaji anaielekezea blogu yake viungo vingi vya ovyo, namba inafika 50, bei inapanda, na hakuna msomaji hata mmoja aliyeingia. Mwambie wakala akupe anwani 20 kati ya hizo 300 kabla hujalipa chochote. Akikataa, jibu umeshalipata. Akikupa, fungua kila moja na usome makala kumi za mwisho. Ukikuta leo ni kubeti, jana ni mikopo, juzi ni dawa za kupunguza unene, na kila makala ina kiungo kimoja kwenda duka fulani, hiyo ni tovuti ya kuuzia viungo. Kisha andika kwenye Google neno site, nukta mbili, na jina la domeni hiyo bila kuacha nafasi. Isipotoa ukurasa wowote, huenda imeshaondolewa. Mwisho iangalie kwenye Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za zamani za tovuti. Domeni iliyokuwa ya shule mwaka 2015, ikakaa kimya, ikaibuka kama blogu ya kila kitu, ilinunuliwa kwa kazi hiyo tu.

Uliza pia viungo ni vya kudumu au vya kukodi. Ofa nyingi za miezi mitatu ni za kukodi: ukiacha kulipa, vinatolewa. Na viungo 300 kwa bei hiyo ni shilingi 8,000 kwa kimoja hata kabla ya kuhesabu domeni na kurasa. Kwa fedha hiyo utapata maoni kwenye blogu, wasifu kwenye majukwaa na orodha za biashara zisizo na mtu. Sehemu kubwa ya maeneo hayo huweka yenyewe alama ya nofollow, ya kuiambia Google isikihesabu kiungo, iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya taka za aina hiyo.

Domeni ya zamani ndiyo kipande ninachokuomba ukikatae hata kama vingine vitakushawishi. Machi 2024 Google iliongeza kanuni tatu dhidi ya taka, na mojawapo inahusu kununua domeni zilizoisha muda kwa lengo la kurithi sifa zake. Kuelekeza domeni siyo kosa. Ukinunua kampuni nyingine ya utalii na kuwaelekeza wateja wake kwako, ukurasa kwa ukurasa, hakuna tatizo. Tatizo ni domeni iliyokuwa ya hospitali au ya chama cha michezo, leo yote inamwagwa kwenye ukurasa wako wa mbele. Tena unairithi na historia yake. Kama iliwahi kutumika kwa dawa bandia, viungo vyote vya dawa hizo vinaanza kuelekea kwako.

Kurasa 200 zinaangukia kanuni nyingine ya Machi 2024, ya maudhui yanayozalishwa kwa wingi ili tu kunasa utafutaji. Google haijali kama kaandika mtu au mashine. Inajali kama ukurasa una kitu. Ofa za namna hii kwa kawaida huzaa "Safari ya Tanzania kutoka Berlin", "kutoka Munich", "kutoka Hamburg", maneno yaleyale na jina la mji likibadilishwa. Hizo ni kurasa za mlangoni, na zilikatazwa zamani sana: Februari 2006 Google iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwa kosa hilo. Kwako, dalili ya kwanza itaonekana Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, kwenye ripoti ya kurasa: nyingi zitakaa kwenye hali ya "Crawled – currently not indexed", yaani Google imezisoma na haikuona sababu ya kuziweka. Zitakazoingia zinaweza kuivuta tovuti nzima chini, kwa sababu wingi wa kurasa tupu huathiri namna hata kurasa zako nzuri zinavyopimwa.

Kama wakala ataongeza ofa ya kununua maoni ya nyota tano, hapo usibishane naye, kataa tu. Google inaweza kuzuia wasifu wa biashara yako usipokee maoni mapya, ikaficha ya zamani, na ikaweka onyo linaloonekana na kila mgeni. Kwa mtu anayetaka kutuma dola elfu kadhaa kwa kampuni asiyoijua, onyo hilo linatosha kumkimbiza.

Kuhusu washindani: wakala anaweza kukuonyesha kwa programu kwamba kampuni ya kwanza ina viungo elfu kadhaa vibovu. Programu hizo zinaonyesha viungo vilivyopo. Haziwezi kuonyesha vipi vinahesabiwa. Inawezekana kabisa kampuni hiyo iko juu kwa sababu ya viungo arobaini vya kweli, na vile vingine havifanyi lolote.

Adhabu ya kweli bado ipo, ile inayotolewa na mtu wa Google aliyeikagua tovuti. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua viungo vya kununua vya duka la Marekani la J.C. Penney, jioni moja duka hilo lilikuwa la kwanza kwa utafutaji wa mabegi ya Samsonite, saa mbili baadaye likawa la 71. Desemba 2013 Rap Genius, tovuti ya maneno ya nyimbo, iliangushwa kwa viungo vya hila na ikarudi baada ya siku kumi hivi. Usijifariji na siku hizo kumi. Tovuti ambayo watu wanaitafuta kwa jina, Google inapata hasara ikiikosa. Kampuni ndogo haina nguvu hiyo, na kusafisha kunaweza kuchukua miezi. Msimu wa Julai hadi Oktoba, wageni wanapofuata nyumbu wakivuka Mto Mara, ukikukuta humo umepoteza mwaka.

Ikiwa tayari ulishanunua viungo huko nyuma, ingia Search Console, sehemu ya Security & Manual Actions, ufungue Manual actions, panapoandikwa adhabu hizo. Kama panasema hakuna tatizo, usiguse kitu. Kukana viungo, yaani kuiambia Google isivihesabu, bila sababu huishia kukana na vile vizuri. Kama kuna taarifa ya viungo visivyo vya asili, pakua orodha yote kutoka ripoti ya Links, weka alama kwenye vile vilivyonunuliwa, na waandikie wenye tovuti wavitoe. Tunza nakala za barua pepe hizo. Vilivyobaki viandike kwenye faili la maandishi matupu lenye mwisho wa .txt, kila domeni mstari wake, kwa mtindo wa domain:mfano.com. Kikomo ni mistari 100,000 au MB 2. Faili hilo hupakiwa kwenye ukurasa wa disavow, yaani wa kukana viungo, ambao hauko kwenye menyu ya kawaida, na haukubali tovuti iliyosajiliwa kama Domain property, yaani domeni nzima; sajili kwanza anwani kamili yenye https. Angalizo ambalo wengi huliruka: faili jipya hufuta la zamani, kwa hiyo pakua lililopo, ongeza, ndipo upakie. Kisha omba kuangaliwa upya, ukieleza kilichofanyika, ulichoondoa na ushahidi. Maombi ya mistari miwili hurudishwa.

Sasa hizo milioni 2.4. Kurasa kumi na mbili zilizoandikwa na mtu anayeijua njia zitakufaa kuliko mia mbili za mashine. Andika Ndutu kati ya Januari na Machi nyumbu wanapozaa: gari linaingia lango gani, saa ngapi za barabara kutoka Arusha, mvua ikinyesha kipi kinabadilika. Andika tofauti ya njia ya Marangu ya siku tano na ya siku sita, kwa nini siku moja ya ziada ya kuzoea mwinuko inaongeza nafasi ya kufika mita 5,895, na bei inabadilika kwa kiasi gani. Weka bei zenyewe, kwa msimu na kwa idadi ya wageni. Kampuni nyingi huzificha, na mgeni anazitafuta.

Viungo utavipata mahali ulipo tayari na hujaomba. Kama ni mwanachama wa TATO, chama cha kampuni za utalii Tanzania, hakikisha jina lako kwenye orodha yao linaelekea anwani sahihi. Ukitimiza masharti ya KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ya kuwatendea haki wapagazi, utaingia kwenye orodha ya washirika wao, na wapanda mlima wengi makini huiangalia kabla ya kulipa. Hoteli unazolaza wageni na mawakala wa nje wanaokuletea vikundi waombe kiungo. Mna kazi ya kweli pamoja. Na ukitaka kulipia makala kwenye jarida la safari, lipia, lakini kiungo kiwe na alama ya sponsored, inayoonyesha kwamba kimelipiwa, iliyoanzishwa Septemba 2019. Hakitakupandisha Google. Kinaweza kukuletea mgeni moja kwa moja.

Wakala yeyote utakayemchukua mpe Search Console kwa kiwango cha mtumiaji, umiliki ubaki kwako, na kwenye mkataba aandike kwamba kila kiungo atakachokiweka atakuletea anwani yake kila mwezi.