Seli zangu za msuli zinabanduka siku ya sita, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Dokta. Nasoma shahada ya uzamili, natumia seli za msuli ziitwazo C2C12 kupima sumu ya dawa kwenye misuli. Zinaongezeka vizuri, lakini nikizibadilishia lishe ziungane, napata nyuzi za msuli chache tu. Nazo zikishaanza kuchezacheza, kufika siku ya sita zimebanduka na kujikunja madonge. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo una matatizo mawili, tuyatenganishe.

Kwanza uchache wa nyuzi. Seli hizi asili yake ni msuli wa paja la panya, kazi ya Yaffe na Saxel ya mwaka 1977. Zikishiba zinagawanyika, zikibanana na kuonja njaa zinaungana kuwa nyuzi. Ndiyo maana tunaondoa seramu (maji ya damu) ya ndama kwenye lishe na kuweka ya farasi, asilimia 2 tu. Lakini ukiziacha zibanane wakati bado unazikuza, zilizo hodari wa kuungana zinaungana hapo hapo na haziongezeki tena. Unazohamishia chombo kipya ni zile zilizogoma. Ukirudia hivyo mara tatu nne, ukoo wako wa seli umeharibika. Zihamishe zikiwa zimefunika asilimia 60 hadi 70 ya sakafu ya chombo, usingoje zaidi.

Pili, kubanduka kusikuvunje moyo, maana kunaonyesha kwamba msuli wako una nguvu. Msuli wa mkono wako umefungwa kwenye mfupa kwa kano, ncha hii na ile. Wa kwako maabara umelala juu ya plastiki, hauna pa kushika, kwa hiyo ukivuta unajing'oa wenyewe.

Upe nguzo. Changanya seli na faibrinojeni (protini ya kugandisha damu) na Matrigel (jeli ya protini ya kukuzia seli) kwenye barafu, tia thrombini, kimeng'enya kinachogeuza faibrinojeni kuwa nyuzi za faibrini, kisha mimina upesi kwenye kijifereji chenye nguzo mbili za silikoni, kwani jeli inaganda ndani ya dakika chache. Baada ya siku kadhaa utaona donge pana limekazwa likawa kamba nyembamba kati ya nguzo, na nyuzi zote zimelala kufuata mvutano. Ipitishie umeme kidogo huku unatazama kwa hadubini: nguzo inapinda, inarudi, inapinda. Ukijua ugumu wa silikoni yako, kile kipimo cha kupinda kinakupa nguvu ya msuli. Kwa mtu anayepima dawa, hiyo namba ina thamani kuliko picha mia za nyuzi zilizotiwa rangi.

Usisahau asidi ya aminokaproiki kwenye lishe. Ni dawa ile ile inayotumika hospitalini kuzuia damu isitoke, na hapa inazuia seli zisiyeyushe faibrini, la sivyo kamba itakatika katikati. Na usiifanye nene: oksijeni haipenyi vizuri zaidi ya takriban milimita 0.2, na kamba yako haina mishipa ya damu.

Njia ya namna hii ndiyo iliyowawezesha Nenad Bursac na wenzake, Chuo Kikuu cha Duke, mwaka 2015 kupata msuli wa binadamu unaojikunja ndani ya maabara. Walipojaribu dawa za kupunguza lehemu na klorokwini, ile tuliyoimeza sana kwa malaria, msuli ulionyesha madhara kulingana na kipimo cha dawa.

Sasa fungua daftari lako uhesabu umezihamisha seli mara ngapi. Mimi zikizidi 15 nazitupa na kuyeyusha kichupa kipya cha seli zilizogandishwa, kabla sijagusa jeli.