Mombasa hadi Nairobi kwa ndege

Dadangu, umeuliza ndege ya Nairobi huchukua muda gani, nawe una miadi huko saa nne asubuhi. Angani ni kama kilomita 430. Hewani ni dakika 45 hivi, ingawa ratiba huandika saa nzima. Lakini wewe watoka Likoni! Kazi iko hapo: feri, foleni ya Changamwe, na uwanjani ufike mapema. Mimi ningepita barabara ya Dongo Kundu, feri niiache kabisa. Treni ya SGR kutoka Miritini ni nafuu, ila hula masaa matano au sita, tena yakushusha Syokimau, nje kidogo ya jiji. Panda ndege ya alfajiri, ukae dirisha la kushoto. Mawingu yakikuhurumia, utauona Kilimanjaro.